Hita: Imezimwa

…volti mia mbili thelathini na moja, nimeondoa ncha ya mita ya umeme kwenye skrubu ya hita nikairudisha na bado ni mia mbili thelathini na moja, na skrini pale juu inasema HITA: IMEZIMWA kwa herufi kubwa nilizoziandika mwenyewe, basi labda mita ndiyo mbovu, mita hii imeshaanguka mara ngapi, mwaka juzi iliporomoka kwenye ngazi, na kuna mteja mmoja mnene alikuja kuchukua redio yake akaikalia, lakini nikiipeleka kwenye soketi ya ukutani inasema sawa, nikiipeleka kwenye betri inasema sawa, mita haina ugomvi na mtu, haina wa kumpendelea, na mkono wangu wa kushoto uko mfukoni kama nilivyofundishwa chuoni, mkono mmoja kazini mkono mmoja mfukoni, ili umeme ukikupata usipate njia ya kupita kifuani, nimevaa viatu vya mpira, nimesimama juu ya kibao kikavu, ncha nyeusi nimeibana kwenye skrubu ya waya wa ardhi ili nisihitaji mkono wa pili, kila kitu kwa utaratibu, leo nimekuwa fundi mwenye adabu kuliko mafundi wote, leo, siku kumi na moja baada ya… "Vipi fundi, umeona kitu?" huyo ni daktari wa meno, yuko chumba cha ndani anapanga vyuma vyake, navisikia vikigongana kwenye sinia, nasema, "Bado naangalia, daktari," na sauti imetoka vizuri tu, sauti ya mtu anayetafuta skrubu iliyodondoka, na samaki wanapita ndani ya tangi la kioo mbele ya macho yangu, sita wote wazima, yule mkubwa wa rangi ya chungwa ambaye mama mdogo anamwita Meneja anazunguka kukagua wenzake, hafanyi kingine chochote, ndiyo maana akapewa cheo, na hita nimeshaitoa majini, imelala juu ya gazeti pale kwenye kiti cha wagonjwa, ufa wake mwembamba kama unywele unaanzia shingoni unashuka hadi katikati, daktari ameuona mwenyewe, maji yalikuwa yanaingia mle ndani na umeme unatoka, hilo halina siri, siri ni kwamba hita ilikuwa imezimwa, na kitu kilichozimwa hakitakiwi kutoa umeme, labda…

Labda nipime tena. Nabonyeza kitufe, rilei, swichi ndogo ya ndani ya mashine yangu, inalia tak, skrini inasema IMEWASHWA, nabonyeza tena, tak, IMEZIMWA, mita mia mbili thelathini na moja, haikushtuka hata kidogo, kama mtu anayeambiwa atoke nje akabaki ameketi, na ninajua maana yake, nilijua tangu namba ya kwanza, mtu wa kazi hii hahitaji kuelezwa mara mbili, rilei inakata waya wa nyutro, ule unaorudisha umeme, waya wa moto, ule unaouleta, haukatwi kabisa, unapita moja kwa moja hadi kwenye hita usiku na mchana, iwe imewashwa iwe imezimwa, kwa hiyo hita ikizimwa inaacha kupasha maji tu, lakini umeme uko mle mle unasubiri, umekaa, hauna haraka… nimekata waya ambao si wenyewe. Mimi. Nasema mimi na sisikii kitu, kama naita jina la mtu aliyehama, kontrola hii niliiunda kwa mikono yangu kwenye kopo la plastiki la kuhifadhia mkate, kibao kidogo cha kompyuta, kihisi cha joto cha kuzamisha majini, rilei tatu, moja ya taa, moja ya pampu, moja ya hita, na kifuniko nilikitoboa kwa solda moto nikaweka skrini, wiki nzima nilinuka plastiki iliyoungua, daktari alitaka kitu kitakachoangalia maji siku ambazo kliniki imefungwa, watoto wanaokuja kung'olewa meno wakae wanatazama samaki wasisikie ile mashine ya ndani inavyolia, na nikamwambia daktari, usihangaike, mbona kazi ndogo hiyo, ndogo, na waya wa kuingizia umeme nikautoa kwenye pasi ya zamani ambayo mwenyewe aliileta kutengenezwa akasahau kuijia, waya mnene mzuri wenye plagi yake, nikaukata kwenye pasi, nikaona kahawia na bluu na ule wa ardhi, kahawia ni moto kila mtu anajua, nikaupeleka kahawia kwenye rilei, sikuupima, ile plagi kumbe kuna mtu aliwahi kuifungua akarudisha nyaya kinyume, nani, lini, Mungu ndiye anayejua, pasi haijali, pasi inapata moto vilevile, na mimi ambaye huwa nawatukana watu wanaoamini rangi, mimi ambaye mwalimu wetu wa chuo alinipiga kichwani na bomba la solda baridi kwa kosa hilohilo, rangi hupakwa na binadamu, binti, mita haipakwi, niliamini rangi, nyani haoni kundule.

Lakini nilijaribu. Nilijaribu bwana, sikuipeleka hivihivi, niliunganisha balbu mahali pa hita na balbu ikawaka ikazimika, ikawaka ikazimika, na balbu huzimika ukikata waya wowote kati ya hiyo miwili, wa moto au wa nyutro, yenyewe haina habari, nilitumia balbu kwa kuwa mama mdogo alikuwa ameketi pale kibandani na nilitaka aone, mita ni namba tu, balbu ina raha yake… mama mdogo ni mdogo wake marehemu mama, alinichukua nikiwa na miaka tisa na begi moja, na ndiye anayefagia na kupiga deki kliniki hii, mimi ndiye niliyemleta hapa, nikamwambia daktari huyu mama ni msafi mpaka anaosha sabuni kabla ya kuitumia, na kweli, na mwaka nilipounda kontrola hii ndio alikuwa ameanza kwenda darasa la watu wazima, miaka hamsini na nane, anakaa kwenye kiti cha mtoto wa darasa la pili magoti yamegusa kidevu, anarudi na daftari lake amelikumbatia, anasoma kila kibao njiani mpaka tunachelewa, du-ka la da-wa, u-si-ko-jo-e ha-pa, anacheka mpaka machozi, kumbe miaka yote hii ukuta ulikuwa unanikataza nami sina habari, na ndipo nikasema kontrola hii itaandika kwa Kiswahili, zile zinazouzwa zote zinaandika lugha za wenyewe, hii yangu itasema na mama mdogo, akaweka kidole kwenye skrini, i-me-zi-mwa, imezimwa, haya washa, i-me-wa-shwa, imewashwa, balbu pwa, zima tena mwanangu, mara ishirini, hakukosea hata moja, "Leo hata mashine inanisemesha," akasema, "kesho utasikia tangi limeniomba chumvi," na mimi nikacheka, nikafunga kopo skrubu nne nikaandika kwa kalamu ya wino ISIFUNGULIWE.

"Dada fundi, chai?" mpokezi huyo, binti wa mezani mwenye miwani, nasema hapana asante, anasema, "Mimi bado nashangaa jambo moja, kama maji yalikuwa na umeme, hawa samaki mbona hawakufa?" na ningeweza kumweleza, ni jambo rahisi, samaki yuko majini mwili mzima, hajashika kitu kingine, umeme hauna pa kupita kwake, kama ndege aliyetua kwenye waya wa nguzo, ila mama mdogo mkono mmoja ulikuwa majini unasugua ule ukoko wa kijani kwenye kioo na wa pili ulikuwa kwenye bomba la sinki hili la pembeni akisuuza sponji, mkono huku mkono huku, na katikati kifua… nasema, "Samaki hawana habari, dada," basi, anarudi mezani kwake, na ni yeye kwa kweli aliyemwokoa, alisikia kigoda kikigongagonga akakimbia, akamkuta bado amenaswa, hakumgusa, alivuta kabati zima mpaka plagi ikachomoka, maana plagi niliiweka nyuma ya kabati ili nyaya zisionekane, daktari anapenda unadhifu, nikamfundisha mama mdogo, ukitaka kusafisha kwanza bonyeza hapa, soma, ikisema imezimwa ingiza mkono, sikumwambia chomoa plagi, nilimfundisha kuamini skrini, mtu aliyejifunza kusoma juzi nikampa neno moja alitegemee kwa uhai wake, na neno lenyewe… kifundo cha mkono kilivunjika umeme ulipomwachia akaanguka kutoka kwenye kigoda, siku mbili hospitali wakisikiliza moyo, vidole vitatu vya mkono wa kulia havisikii, daktari wa hospitali alivichoma na sindano akauliza hapa je, hapa je, na yeye akamtazama kwa huruma, "Mwanangu unapoteza sindano zako, hivi vimekuwa vya mtu mwingine." Nilipopigiwa simu nilikuwa naunganisha waya za spika, nikaambiwa mama yako kapigwa na umeme wa tangi, nikasema hospitali ipi, nikamaliza kuunganisha, waya mwekundu waya mweusi, nikajaribu spika, ikaimba, ndipo nikafunga kibanda, jirani yangu fundi viatu alilia na si ndugu yake, mimi mpaka leo sijalia, nangoja, kama mtu aliyeweka ganzi kwa daktari huyu, anajigusa shavu anajua ni lake na hapati habari yoyote.

Na walipochomeka tena, jambo lile ndilo lililommaliza mama mdogo, walipochomeka tena ili pampu ifanye kazi samaki wasife, maji yalikuwa yamepoa kidogo, kontrola ikaamka imesahau kwamba ilizimwa kwa kidole, ikaona baridi ikafanya kazi yake, HITA: IMEWASHWA, wakaona wote, daktari, mpokezi, mgonjwa mwenye shavu limevimba, na mama mdogo pale sakafuni anasema niliona imezimwa, niliisoma, imezimwa, na wao wanatazama skrini wanatazamana, mpokezi alinisimulia mwenyewe bila ubaya, maskini mama, maneno yanafanana yale, imewashwa imezimwa, hata mimi ningechanganya… usingechanganya. Hakuna aliyemgombeza, hata kidogo, walimwonea huruma, na huruma ile ndiyo iliyompeleka chini kuliko umeme, kwa kuwa ukigombezwa unaweza kujibu, jana mchana nilimkuta amemwita jirani amsomee kikopo cha dawa, dawa ambayo ameinywa wiki nzima na yeye ndiye aliyenisomea mimi siku ya kwanza, mo-ja ku-twa ma-ra mbi-li, nikasema mama mbona husomi mwenyewe, akasema, "Aa, macho yangu haya yana uongo, yataniua," na meza yake ile inayoyumba haiyumbi tena, nikainama kuangalia kafanyaje, daftari la darasani, amelikunja mara nne akalisukuma chini ya mguu wa meza. Nikakaa pale. Akanipa kiazi cha kuchemsha. "Labda kweli nilikosea," akasema, "usigombane na watu kwa ajili yangu, wewe una jina lako pale," na nikala kiazi, nikala chote, nikasema nitaenda kuangalia kesho, na ndani yangu nilikuwa nimeshaanza kukubali kwamba alikosea, hilo ndilo baya, niseme tu ukweli kwa kuwa hakuna anayenisikia, nilitaka awe amekosea, nilikuja hapa asubuhi nikiomba mita iseme sifuri.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wa mama mdogo haukunilemea kabisa, siku kumi na moja nimeubeba kwa kidole. Daktari anakuja mlangoni, glavu mkono mmoja, anasema taratibu, ni mtu wa taratibu, "Fundi, hatutafuti ubaya. Hita imepasuka, tumeiona. Mama alisoma vibaya, akaingiza mkono hita ikiwa inawaka. Ni ajali. Wewe weka sahihi tu kwamba mashine yako ni nzima, halafu mtu mwingine atafanya usafi, mama apumzike, umri nao umekwenda," na anarudi ndani kuosha mikono, na mpokezi ameweka karatasi pembeni yangu juu ya meza ya magazeti ya watoto, na kalamu juu yake, imechapwa vizuri, mfanyakazi alikosea kusoma maandishi ya skrini, mstari mmoja tu, na chini nafasi ya jina la fundi… na bisibisi iko kwenye mkanda wangu. Skrubu mbili. Nachomoa plagi, nalegeza kahawia, nalegeza bluu, nabadilisha, nakaza, nachomeka, dakika moja na nusu, mita itasema sifuri na itakuwa kweli, kwa kuwa itakuwa kweli kuanzia dakika hiyo, na nani atajua, hawa hawajui nyutro ni mnyama gani, nitawaambia hita za siku hizi ni karatasi, nitasema jengo hili halina ile swichi ya kwenye ubao wa fyuzi inayokata yenyewe umeme ukivuja, na ni kweli halina, nilimwambia daktari akasema tutaweka, hakuweka, nami nikachomeka hivyohivyo, kila ninachoweza kusema ni kweli, hakuna hata uongo mmoja ninaohitaji kusema, na kibanda changu kitabaki wazi, maana nani atampelekea redio fundi aliyemkausha mama yake kwa umeme, watanitania mpaka nihame mji, fundi, simu yangu hii ukiitengeneza itaniua au itamwua mama mkwe, kama ni mama mkwe nitengenezee mbili… bisibisi ina mpini wa njano. Naitazama. Mkono wa kushoto bado uko mfukoni na umetoa jasho, nalihisi, ajabu, jasho nalihisi, na samaki mkubwa amesimama mbele ya kioo, hazunguki, mdomo unafunguka unafumba, na mita iko palepale, mia mbili thelathini na moja, na ninamwona mama mdogo amesimama juu ya kigoda asubuhi ile, hakuna mtu mwingine chumbani, ameinua kidole, hajaingiza mkono, kwanza anasoma, najua alisoma kwa sauti kwa kuwa hawezi kusoma kimya bado, i-me-zi-mwa, akahakikisha, akarudia kama nilivyomfundisha, kisha akaingiza mkono na furaha yake, alifanya kila nilichomwambia, hakuruka hata herufi, na sasa kuna mstari uliochapwa na nafasi ya jina langu chini yake, nami niliyemfundisha ndiye nitakayetia sahihi kwamba hajui kusoma, atausoma siku moja mstari huo au hatausoma, na kama hatausoma ni kwa sababu yangu, na hapo kitu kimenipata, nimemuumiza mama yangu, nimemuumiza halafu nikala kiazi chake, jambo hili lilikuwa limekaa pale tangu simu ile ya kwanza na sasa limesimama.

"Umemaliza, fundi?" anasema daktari kutoka ndani, maji yanamwagika bado kwenye sinki lake, nami sijasogea, ncha ya mita iko palepale, skrini palepale, kalamu juu ya karatasi, hakuna kilichohama chumba hiki, na nasikia mtu anasema, "Daktari, njoo tafadhali, njoo unisomee skrini," ni mimi, anakuja anapangusa mikono, mpokezi naye ameinuka na miwani yake, daktari anainama kidogo, "Hita, imezimwa," anasema, "imeandikwa imezimwa, kwani vipi?" na nasema, "Sasa soma na hapa kwenye mita, usiguse," anasoma, mia mbili thelathini na moja, ananitazama, hajaelewa bado, mpokezi ndiye aliyeelewa kwanza, ameweka mkono mdomoni, nasema, "Huo ni umeme mzima wa ukutani, na hita imezimwa. Mama alisoma sawasawa. Aliyeandika uongo ni mimi."